Maswali na majibu: Kufunga pikipiki ndani ya lori

Swali: Nikiiegemeza pikipiki kwenye stendi ya pembeni na kuibana kwa mikanda miwili, si inatosha?

Haitoshi, na swali hili limejibiwa mara nyingi mno. Pikipiki husafiri ikiwa wima juu ya magurudumu yake mawili, stendi imekunjwa. Stendi ya pembeni ilitengenezwa kubeba pikipiki iliyotulia. Ndani ya lori kila shimo linaikandamiza chini, na mkandamizo huo unaishia kwenye kipande kimoja cha chuma. Kinachopinda au kukatika mara nyingi ni sikio la fremu lililoshika stendi. Kwa baadhi ya pikipiki stendi imefungwa kwenye injini yenyewe, kwa hiyo ufa unatokea huko na oili inamwagika.

Kuna ubaya mwingine usioonekana. Mkanda hubaki umekaza kwa sababu shokapu zilizobonyezwa zinausukuma muda wote. Stendi ikiwa chini, shokapu haziwezi kubonyea sawasawa, na shimo la kwanza tu linalegeza mikanda. Stendi ya katikati nayo si jibu: lori likifunga breki ghafla pikipiki inasukumwa mbele, na kusukumwa mbele ndiko kunakoikunja stendi hiyo.

Swali: Mikanda iwe mingapi, na ifungwe wapi?

Minne, isipungue. Miwili mbele, miwili nyuma, kila mmoja na pete yake sakafuni.

Anza kwa kusukuma pikipiki mpaka tairi la mbele ligote kwenye ukuta wa mbele wa bodi, au kwenye kishikio cha gurudumu kilichofungwa sakafuni kwa bolti. Kanuni za kufunga mizigo za Ulaya na Marekani zinataka mzigo uweze kuhimili msukumo wa mbele wa asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa pikipiki ya kilo 120 hiyo ni sawa na kilo 96 zikisukuma mbele. Tairi likiwa limegota, mikanda haibebi msukumo huo peke yake.

Sasa tafuta kibano cha chini, kile kinachozishika shokapu mbili za mbele chini ya usukani. Zungushia kitanzi laini, yaani kipande kifupi cha mkanda kilichoshonwa, kila upande, kulabu ishike kitanzi na isiguse chuma cha pikipiki. Pitisha kidole kuzunguka kitanzi uone hakijaminya mpira wa breki, kebo ya klachi wala nyaya za taa. Mkanda ushuke ukielekea mbele na nje, kwa takriban nyuzi 45. Ukiwa wima mno hauzuii pikipiki kulala, na ukiwa umelala mno hauivuti chini.

Usifunge kwenye mikono ya usukani. Inazunguka taratibu ndani ya vibano vyake, na mkanda unalegea bila mtu kujua.

Nyuma, funga kwenye fremu karibu na vyuma vya kukanyagia vya abiria, mikanda ikielekea nyuma na nje. Hii haihitaji kukazwa sana. Kazi yake ni kuzuia mkia usiruke wala kuhama. Keria usiiguse, hayo ni mabomba membamba yaliyochomelewa. Na mkanda usipite karibu na egzosi ambayo bado ina moto, maana poliesta inayeyuka.

Swali: Fundi ananiambia nikaze mpaka shokapu za mbele zifike mwisho. Ni kweli?

Si kweli, na ushauri huo umeharibu sili nyingi za shokapu. Bonyeza kati ya theluthi na nusu ya mwendo wake, yaani umbali wote inaoweza kubonyea: shokapu yenye mwendo wa milimita 120 ishuke milimita 40 hadi 60 tangu ikiwa imenyooka kabisa. Pima kwa rula kabla na baada ya kukaza. Ikishuka kidogo kuliko hapo, shimo kubwa linaibonyeza zaidi, mkanda unalegea kwa nukta moja na kulabu iliyo wazi inachomoka. Ndiyo maana ni heri kulabu yenye kifungo cha usalama. Ikifika mwisho, haina tena nafasi ya kufanya kazi, na kila mshtuko unakwenda moja kwa moja kwenye mikanda na pete za sakafuni.

Kaza kwa zamu, meno mawili ya racheti (kifaa chenye mkono cha kukazia mkanda) kushoto, mawili kulia, pikipiki ibaki wima. Kwenye roli ya racheti mkanda uzunguke mara mbili hadi tatu. Ukijaa zaidi racheti inakwama. Ukimaliza, shika usukani utikise kwa nguvu. Lori ndilo litikisike, pikipiki isicheze.

Kabla ya yote, jaza upepo. Tairi linalovuja njiani linaishusha pikipiki, na mikanda yote inalegea pamoja nalo.

Swali: Naweza kutumia mipira ya tyubu?

Hapana. Mpira unavutika, na wewe unataka kitu kisichovutika.

Swali: Mkanda wangu ni mrefu. Nikiupiga fundo kuna shida?

Ipo. Fundo linaweza kupunguza nguvu ya mkanda hadi karibu nusu, kwa hiyo fupisha kwa racheti. Tena soma lebo iliyoshonwa kwenye mkanda. Wauzaji hupenda kuandika kwa herufi kubwa uzito unaoukata mkanda, lakini unaokuhusu ni uzito wa kazi, yaani ule mkanda unaoruhusiwa kubeba, ambao kwa utaratibu wa Marekani ni theluthi moja tu ya ule. Mkanda usio na lebo au uliochanika ukingoni, hata kidogo, usiufungie pikipiki.

Swali: Niiache kwenye gia au fri?

Gia ya kwanza, baada ya kumaliza kufunga. Skuta zisizo na gia, bana breki ya nyuma kwa mkanda mdogo. Gia na breki ni msaada tu, hazichukui nafasi ya mkanda hata mmoja.

Swali: Napandisha peke yangu kwa ubao wa mita 2, bodi ina kimo cha mita 1. Nifanyeje isiniponyoke?

Usipandishe peke yako. Ubao huo una mwinuko wa nyuzi 30. Wa mita 3 unaushusha hadi kama nyuzi 20, na tofauti hiyo mikono inaisikia. Ufunge ubao kwenye lori, kwa sababu gurudumu linapopanda linausukuma nyuma. Weka ubao wa pili wa kukanyaga wewe: bila huo, tairi la mbele likifika juu ya bodi wewe bado uko chini na usukani umekupita kichwa. Msaidizi asukume akiwa ubavuni mwa mkia, kamwe asisimame nyuma yake.

Ikianza kurudi, breki ya mbele haikusaidii sana, maana uzito umehamia nyuma na tairi la mbele litaburuzika. Panda injini ikiwa imezimwa, gia ya kwanza, klachi imeshikwa. Ukiachia klachi gurudumu la nyuma linakamata.

Swali: Lori lina turubai fupi. Naweza kuilaza?

Tafuta lori jingine. Pikipiki iliyolala humwaga petroli, betri ya maji humwaga asidi, na oili hupenya hadi kwenye silinda. Hata ikiwa wima, funga koki ya mafuta na usisafiri na tangi lililojaa, kwani joto linapanua petroli.

Swali: Baada ya kufunga, kuna la kufanya zaidi?

Simama baada ya kilomita 10 hadi 15 ukaze upya, maana vitanzi vinakuwa vimekaa sawa na mikanda imelegea kidogo. Rudia kila mnaposimama. Ncha za mikanda zifungwe zisipepee. Wakati wa kushusha, mtu awe ameshika usukani kabla hujaachia mkanda wowote wa mbele: shokapu zinaruka juu ghafla, na pikipiki inavutwa kuangukia upande ambao mkanda bado umekaza.