Kidiaba kichaa? Mimi nilimuiga, nikaumbuka

Mkuu umeuliza kama Robert Kidiaba wa TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi huko DR Congo, alikuwa kipa kweli au mchekeshaji tu aliyevaa glovu. Ngoja nikujibu, maana nimedaka ndondo, mechi za mtaani, miaka tisa na huyo mtu ameniachia kovu.

Kwanza tutenganishe vichaa. René Higuita, kipa wa Colombia, kichaa chake kilikuwa ndani ya mchezo wenyewe. Kombe la Dunia 1990 alitoka golini kwenda kupiga chenga, Roger Milla akampokonya mpira akaenda kufunga, Cameroon wakapita 2-1. Kidiaba hakuwa hivyo. Mpira ukiwa unachezwa, jamaa alikuwa na akili timamu kuliko mabeki wake. Mfupi kwa kipa, lakini anaruka kama ana springi, na krosi anaifuata mwenyewe. Vituko vilianza timu yake ikifunga: anakaa chini, miguu kaitanguliza mbele, halafu anadunda kwa makalio kwenda mbele, tu-tu-tu, msuko wake unarukaruka kisogoni.

Desemba 2010 nilimwangalia kwenye kibanda umiza cha kuonyesha mpira, tumebanana kwenye mabenchi, jasho tupu. Klabu Bingwa ya Dunia, Abu Dhabi. Mazembe walishawatoa Pachuca 1-0, sasa ni Internacional ya Brazil. Wabrazil walipiga, wakapiga, Kidiaba anatema, anadaka, anapangua. Kabangu akafunga, Kaluyituka akaongeza la pili. Timu ya Lubumbashi fainali! Haijawahi kutokea kabla ya hapo kwa timu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini. Fainali Inter Milan wakawapiga 3-0, lakini mtaani kwetu hakuna aliyejali, watoto walikuwa wanadunda vumbini mpaka mama zao wanafoka.

Na mimi mtu mzima nikadunda. Mechi ya ndondo, uwanja wa changarawe, tumetangulia bao. Nikakaa, nikadunda mara tatu. Ya tatu bukta ikachanika na kokoto ikaingia mahali ambapo sitataja. Nimeinama najikagua, refa kapuliza, mpira umeanzwa kati, straika wao kaniona, kapiga palepale. Moja moja. Nahodha hakunisemesha wiki nzima, na usiku ule nililala kifudifudi. Nyasi za Abu Dhabi, kumbe, nazo ni sehemu ya kipaji.

Kidiaba alidaka mpaka uzeeni. AFCON 2015, akiwa ametoka tu kutimiza miaka 39, alikuwa langoni DR Congo ilipochukua nafasi ya tatu kwa penalti mbele ya wenyeji Guinea ya Ikweta, baada ya 0-0. Halafu akaingia siasa, akapata kiti kwenye bunge la jimbo la Haut-Katanga. Niliposikia, cha kwanza nilichowaza ni kama ukumbini mle wametandika zulia.