Mkienda Quanzhou: ushauri kwa wanafunzi wapya wa Xiamen

Ndugu zangu mliofika Septemba hii, karibuni. Baridi ikianza kunukia, kundi letu la wanafunzi huanza kuulizana twende kutembea wapi. Wengi hutaja Beijing na Xi'an, maana hayo ndiyo majina waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mimi hushikilia Quanzhou, mji wa bandari ulio katika mkoa huuhuu wetu wa Fujian. Ni kama nusu saa kwa treni ya kasi, nauli yake haimwumizi mtu anayeishi kwa posho ya shahada ya kwanza ya yuan 2,500 kwa mwezi, na sidhani kuna mji mwingine China wenye mengi ya kumwambia mtu wa pwani yetu. Nimeshiriki kuandaa safari hii mara kadhaa, kwa hiyo yasomeni haya kabla hamjaanza kuchangishana.

Tuanze na tiketi, kwa kuwa hapo ndipo safari nyingi huvurugika. Tiketi ya treni hapa inafungwa na pasipoti. Kila mmoja afungue akaunti yake kwenye 12306, programu ya simu ya shirika la reli, mapema, kwani uhakiki wa mgeni unaweza kuchukua muda, na jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Siku ya safari beba pasipoti yenyewe. Picha iliyo kwenye simu haitakusaidia getini. Halafu soma vizuri jina la stesheni. Tangu reli mpya ya Fuzhou hadi Xiamen ilipofunguliwa Septemba 2023, kuna stesheni ya Quanzhou, ya Quanzhou Mashariki na ya Quanzhou Kusini, na hiyo ya Kusini iko mbali kabisa na mji wa kale. Fikeni stesheni saa nzima kabla. Mizigo inapitishwa kwenye mashine, na geti la tiketi hufungwa dakika chache kabla treni haijaondoka. Likishafungwa, halifunguliwi kwa ajili ya mtu yeyote.

Epukeni wiki ya kwanza ya Oktoba na sikukuu ya Mei Mosi, mtabanwa na umati msione kitu. Julai hadi Septemba kuna joto na vimbunga. Jumatatu makumbusho mengi hufungwa. Novemba na Desemba ni miezi mizuri sana.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Msiende kama kundi linalofuata bendera ya mwongoza watalii, mnashuka kwenye basi, mnapiga picha, mnapanda basi. Gawaneni sehemu. Wiki mbili kabla, kila sehemu ipewe mtu wake au watu wawili. Wasome, na mkifika pale wao ndio wazungumze, kwa Kiswahili, dakika kumi tu. Mtu anayejua kuwa atasimama mbele ya wenzake husoma kwa namna nyingine, na anayesikiliza naye huuliza maswali ambayo asingethubutu kumwuliza mwongozaji anayesema Kichina cha haraka. Na msipange zaidi ya sehemu nne kwa siku.

Kwa nini Quanzhou? Katika enzi za Song na Yuan (karne ya 10 hadi ya 14) hii ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani. Serikali ilifungua hapa ofisi ya forodha ya bahari mwaka 1087. Mwaka 1225 msimamizi wake, Zhao Rugua, aliandika habari za nchi za ng'ambo alizozikusanya, na ndani yake mna maelezo ya pwani ya Zanj, yaani kwetu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, ndiye huyohuyo aliyefika hapa miaka ya 1340, akaisifu bandari yake kwa ukubwa. Vipande vya vyungu vya China vinavyookotwa Kilwa Kisiwani na Gedi, na mabakuli yaliyopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi, vilitoka katika biashara ya namna hii. UNESCO iliuandikisha mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021, ikiorodhesha sehemu 22 kwa pamoja. Mtu atakayefungua mazungumzo ya safari aanzie hapo, watu wajue wanakwenda kutazama upande wa pili wa bahari yao wenyewe.

Asubuhi ya kwanza nendeni Hekalu la Kaiyuan, kwenye Mtaa wa Magharibi. Lilianzishwa mwaka 686. Minara yake miwili ya mawe ilimalizika karne ya 13, wa mashariki una urefu wa karibu mita 48, na ilihimili tetemeko kubwa la mwaka 1604. Wageni wengi huishia kwenye minara. Ninyi zungukeni nyuma ya ukumbi mkuu mkatafute nguzo mbili za mawe zenye nakshi za miungu ya Kihindu. Zilichongwa kwa ajili ya hekalu la wafanyabiashara kutoka India ya Kusini, kisha zikaletwa hapa kutumika upya. Mawe yale yanaonyesha wazi nani alikuwa akiishi mjini.

Ndani ya eneo hilohilo kuna ukumbi wa jahazi la enzi ya Song, lililofukuliwa mwaka 1974 kwenye matope ya bandari ya Houzhu. Hapa kaeni. Masalia yake yana urefu wa mita 24 na ushee, na tumbo lake limegawanywa vyumba 13 kwa kuta za mbao, ili maji yakiingia chumba kimoja yasizamishe chombo kizima. Aliyekulia Lamu au Bagamoyo atauona mkuku na mbao za ubavuni, ataelewa bila kuelezwa. Shehena iliyokutwa humo ilikuwa miti ya manukato, pilipili manga, ubani, ambari, magamba ya kasa na makombe ya kauri. Kila neno katika orodha hiyo tunalo, na baadhi ya bidhaa hizo pwani ya Afrika Mashariki iliziuza kwa karne nyingi.

Mchana shukeni Mtaa wa Tumen, kwenye Msikiti wa Qingjing. Ulijengwa mwaka 1009. Lango lake ni la mawe, na matao yaliyochongoka juu yanafuatana moja ndani ya jingine. Ukumbi wa zamani wa sala hauna paa tena. Mnasimama ndani mkiona anga, na ukutani mistari ya Kiarabu iliyochongwa inasomeka hadi leo. Nyuma ya lango kuna maandishi yanayotaja mwaka 400 Hijria wa kuanzishwa na 710 Hijria wa ukarabati, uliofanywa na haji wa Shiraz. Ninyi mnaotoka kwenye miji inayosimulia asili ya Kishirazi mtalisoma jina hilo kwa macho mengine. Msikiti unatumika, kwa hiyo akina dada wabebe mtandio, kaptura zibaki hosteli, na Ijumaa adhuhuri wasio Waislamu wasubiri sala iishe. Hatua chache tu kutoka hapo kuna hekalu la Guan Yu, jemadari wa kale anayeabudiwa kama mungu, moshi wa udi haukatiki tangu asubuhi. Ingieni kwa adabu ileile. Msimpige picha mtu aliyepiga magoti, na msiguse vilivyowekwa madhabahuni.

Siku ya pili, Makumbusho ya Bahari. Katika ukumbi wa mawe ya dini mtaona misalaba ya Wakristo wa zamani iliyochongwa juu ya maua ya yungiyungi, na safu za mawe ya makaburi ya Waislamu. Mpeni kazi hii mtu aliyepita madrasa vizuri. Mawe yanataja watu wa Shiraz, Isfahan na kwingineko, na mengi yana hadithi ya Mtume isemayo kwamba anayefia ugenini amekufa shahidi. Mwenzetu mmoja aliisoma kwa sauti, akaitafsiri, na kundi zima likanyamaza, Wakristo na Waislamu. Sisi sote hapa ni wageni, na mama zetu wako mbali. Msiwaharakishe watu katika ukumbi huo, hata kama ratiba inabana.

Kutoka hapo nendeni mlima wa Lingshan, nje ya lango la zamani la mashariki. Pana makaburi mawili yanayosemwa ni ya masahaba waliofika hapa enzi ya Tang (karne ya 7 hadi ya 10). Kando yake kuna jiwe la mwaka 1417 la Zheng He, amiri wa bahari aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu huko Yunnan. Alifika kuomba dua kabla ya kuelekea Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi, na msafara huo ndio ulioendelea hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Mkibaki na nusu siku, mwende Daraja la Luoyang, lililojengwa kati ya 1053 na 1059 chini ya gavana Cai Xiang. Wajenzi walipanda chaza kwenye misingi ili wakue na kuyashikamanisha mawe. Tazameni ratiba ya maji kabla ya kutoka: maji yakiwa yamekupwa mtawaona chaza wenyewe wameng'ang'ania nguzo, yakijaa mtaona daraja tu. Kijiji cha Xunpu nacho ni kizuri, wanawake wake huvaa maua kichwani duara kwa duara, na nyumba za zamani zina kuta za magamba ya chaza. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga picha bibi anayefungua chaza mlangoni kwake. Ninyi pia mtaombwa picha, tena sana. Wengi wana nia njema. Ukichoka, kataa kwa tabasamu, huna deni na mtu. Anayekupiga kwa kuibia, inua mkono umwonyeshe hapana, yatosha.

Kuhusu chakula, Waislamu wawe makini, vyakula vingi vya mitaani Quanzhou vina nguruwe, hata supu ya tambi nyembamba inayoonekana haina kitu. Tafuteni migahawa ya tambi za Lanzhou, ambayo zamani kwa kawaida ilikuwa na neno halali kwa Kiarabu kwenye kibao, ingawa maandishi hayo yameondolewa sehemu nyingi, kwa hiyo ulizeni kwanza. Wengine jaribuni chaza waliokaangwa kwa mayai.

Mkilala, pigeni simu hotelini kabla mkaulize kama wanapokea wageni wa pasipoti. Hoteli itawaandikisha polisi yenyewe. Anayelala kwa rafiki ana wajibu wa kujiandikisha ndani ya saa 24, na hili msilichukulie kirahisi, linagusa kibali chako cha kuishi. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni nayo ijulishwe kabla ya kuondoka.

Mwisho ni pesa. Mhazini awe mmoja, na asiwe kiongozi wa msafara. Malipo karibu yote ni ya simu, kwa hiyo betri ikiisha umekwama: kila wawili wawe na pawabanki, na mhazini abebe noti ndogondogo. Michango ipokewe kamili kabla ya kukata tiketi hata moja. Kila risiti ipigwe picha iwekwe kwenye kundi la WeChat siku hiyohiyo, na kilichobaki kirudishwe kwa wenyewe mkiwa bado kwenye treni ya kurudi, hata kama ni yuan nne kwa kila mtu.