Jibu: Je, serebela huzaliwa ikiwa imeshaunganishwa?
Dada yangu, umeuliza kama seli za neva za serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, huzaliwa zikiwa na miunganisho kamili au huipata kwa kufanya kazi. Jeni huanzisha ramani, lakini umaliziaji wake hutegemea sana utendaji wa seli zenyewe. Mchoro tunaonakili darasani hapa Bukavu, wenye uzi mmoja tu wa neva unaopanda kwa kila seli ya Purkinje (seli kubwa ya neva ya serebela), ni wa ubongo uliokomaa. Panya anapozaliwa, kila seli hiyo hupokea nyuzi kadhaa kutoka shina la ubongo, zenye nguvu zinazokaribiana. Katika wiki ya kwanza mmoja huanza kuimarika, kisha hukwea matawi ya seli, na kufikia wiki ya tatu hivi nyingine zimeondolewa. La kustaajabisha ni kwamba watafiti walipoziondolea seli za Purkinje milango ya kalsiamu ya aina ya P/Q, yaani vipitio vinavyoingiza kalsiamu ndani ya seli, nyuzi kadhaa ziliimarika kwa pamoja, pasipo mshindi. Nyuzi sambamba, yaani nyuzi za seli ndogo za serebela ziitwazo seli punje, nazo zinahusika, kwani zisipoungana vya kutosha na seli ya Purkinje, nyuzi zinazopanda za ziada hubaki hata utu uzimani.