Fomu ya SACCO inanitaja mimi, kaka anataka kila kitu kipitie kwake

Swali: Wakili, baba yetu alifariki Februari. Katika wosia wake alimteua kaka yangu mkubwa kuwa mtekelezaji. Lakini SACCO yake na mpango wake wa pensheni zina fomu zinazonitaja mimi, na benki nimeandikwa jamaa wa karibu. Kaka amewaandikia wote wasinilipe, eti wosia unashinda fomu. Ana haki? – Msomaji, Nakuru

Jibu: Dada, pole kwa msiba. Kaka yako ana haki kwenye moja tu kati ya hizo tatu, nayo ni benki.

Jamaa wa karibu kwenye fomu ya kufungulia akaunti ni mtu wa kupigiwa simu, si mrithi. Kama akaunti haikuwa ya pamoja, pesa zile ni mali ya urithi, na benki itamlipa mtekelezaji mwenye hati ya mahakama. Ukizitoa kwa kadi ya marehemu kwa kuwa unajua namba ya siri, umeingilia mali yake. Hilo ni kosa chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura 160: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nalisema kwa sababu sikosi kumpata mtu aliyekwisha kwenda ATM kabla matanga hayajaisha.

Pensheni ni habari nyingine. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinayatoa mafao ya mwanachama aliyefariki nje ya mali ya urithi. Hulipwa aliyetajwa, asipotajwa mtu, wadhamini ndio huamua mgao wa wategemezi. Kwenye SACCO, Sheria ya Vyama vya Ushirika, kifungu cha 39, inamtanguliza mteule, na msimamizi wa mali hufikiriwa pale tu ambapo hakuna aliyeteuliwa. Baba akitaka kubadilisha, alipaswa kujaza fomu nyingine, si kuandika wosia.

Kabla hujashangilia, omba nakala ya fomu ya mwisho, yenye muhuri. Tazama tarehe, sahihi za mashahidi na safu ya asilimia. Binti mmoja alinijia akidai akiba yote ya babake. Tulipoifungua fomu tukakuta mama 70, binti 30. Mama alikuwa ametangulia kufa, na fomu haikuguswa tena. Ile 70 ilirudi kwenye urithi, kwa ndugu zake wote, na binti akaondoka na 30 yake akinuna. Uliza pia deni. SACCO hukata mkopo kwanza, isipokuwa kama bima ya mkopo imeulipa, kwa hiyo pata salio kwa maandishi.

Barua ya kaka si amri ya mahakama, ingawa makarani huiogopa kana kwamba ni amri. Ijibu kwa barua yako, ukiambatanisha cheti cha kifo, kitambulisho na nakala ya fomu, na udai walipe au waeleze kwa maandishi kwa nini hawalipi. SACCO ikikataa, mzozo unakwenda kwenye baraza la kuamua kesi za ushirika, si kwa chifu. Wadhamini wa pensheni wakikataa, peleka malalamiko RBA, mamlaka inayosimamia mipango ya pensheni.

Pesa za benki mwachie kaka, lakini usimwachie gizani. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Urithi kinamtaka, ndani ya miezi sita tangu apewe hati, aipe mahakama orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu. Akikawia, wewe ukiwa mwenye maslahi unaweza kuiomba mahakama imwamuru atoe hesabu. Ila anza kwa kumuuliza kama hata hati hiyo anayo. Watekelezaji wengi wanaoandika barua za vitisho bado wana wosia tu, umekunjwa kwenye bahasha ya kaki.