Uliza Unga Kabla ya Kuinjika Sufuria

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikiwapikia madereva wa malori upande wa Uganda wa mpaka wa Malaba, na sijaona chakula kinachozusha ubishi mezani kama mahindi, kwa sababu kila anayeketi anaamini kwamba kwao ndiko yanakopikwa inavyostahili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la neno tu. Nilimuuliza dereva mmoja kutoka Dodoma kama angekula posho, naye akacheka na kuniuliza tangu lini wenye hoteli wakawalipa wateja, kwa kuwa Tanzania posho ni fedha anayopewa mtu akiwa safarini au mkutanoni. Kwetu Uganda posho ni ugali. Maana hizo mbili zina asili moja, yaani mgao waliokuwa wakipewa askari na vibarua, na mimi niliyezaliwa katika kambi ya jeshi nililipokea neno hilo pamoja na Kiswahili chenyewe. Nadhani ndiyo sababu Waganda wengi, ambao matooke, yaani ndizi za kupika, ndiyo chakula chao cha heshima, wanaiona posho kuwa chakula cha shule za bweni na magereza. Mimi dharau hiyo siikubali, ila nakiri kwamba posho ya shuleni ilijitafutia jina baya yenyewe.

Basi ukitaka kumpikia mgeni kutoka nchi jirani, usimuulize anataka ugali mgumu au laini kabla ya kumuuliza amezoea unga gani. Mashine zetu nyingi hukoboa mahindi kwanza, zikaondoa ganda na kiini, kisha zikasaga kilichobaki kuwa unga mweupe wa namba moja. Watanzania wana majina mawili yanayorahisisha kazi: unga uliokobolewa ni sembe, na uliosagwa na kila kitu chake ni dona. Dona hunywa maji mengi zaidi na huhitaji muda mrefu zaidi motoni. Niliposhika dona kwa mara ya kwanza nikaipika kwa kipimo cha sembe, niliwapa watu bonge lililopasuka na lenye ladha ya unga mbichi, nao walilirudisha jikoni kwa adabu ambayo sikuistahili.

Dawa ya tatizo hilo niliipata kwa dereva aliyekulia Tunduma, karibu na Zambia. Huko hawamwagi unga wote kwenye maji yanayochemka, bali huanza na uji mwepesi, wakauacha utokote kwa dakika kadhaa, ndipo wanapoongeza unga kidogo kidogo huku wakisonga. Nshima ya Zambia hupikwa hivyo, na vilevile nsima ya Malawi, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2017. Tangu siku hiyo sipiki kwa njia nyingine, hata kwa unga wa namba moja.

Ugali si ukoo wote wa mahindi. Punje nzima zikichemshwa na maharage, Wakikuyu huziita githeri na Wajaluo nyoyo. Wakamba huzikoboa kwanza wakapata muthokoi. Watanzania hupika makande, ambayo wengine huyaunga kwa tui la nazi. Na huko Afrika Kusini Waxhosa wana umngqusho. Ushauri wangu hapa ni mfupi: loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, tanguliza mahindi motoni kwa sababu maharage huiva kabla yake, na chumvi iwe ya mwisho. Magadi huharakisha kazi, lakini yakizidi chakula huteleza mdomoni kama sabuni.

Mchanganyiko huo wa mahindi na maharage una busara kuliko unavyoonekana. Mahindi yana niasini, vitamini ya kundi B, lakini sehemu kubwa imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuitumia. Watu wa Mexico, ambako mahindi yalianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita, huchemsha punje katika maji ya chokaa, wakaziacha zilale humo, wakaziosha na kuzisaga kuwa kinyunga cha tortilla, yaani chapati zao nyembamba za mahindi. Chokaa hulegeza ganda na kuifungua vitamini hiyo. Mahindi yalipovuka bahari baada ya mwaka 1492, punje zilisafiri lakini maarifa ya chokaa yakabaki nyuma, na maskini wa kaskazini mwa Italia waliokula polenta, ugali wao wa mahindi, karibu kila siku walipatwa na pelagra, ugonjwa wa kuchubuka ngozi, kuhara na kuvurugika akili. Karne ya 20 ilipoanza uliwakumba pia watu wa kusini mwa Marekani. Sikushauri ukatafute chokaa. Ninachoshauri ni kwamba sahani ya posho isiende mezani bila maharage, mchuzi wa karanga au mukene, yaani dagaa, vya kuziba pengo hilo, hata kama mteja anasema anataka tu kitu cha kujaza tumbo.

Wapo watakaosema kwamba basi sote tuhamie kwenye dona. Ningekubali haraka kama mahindi yote yangekuwa safi. Kuvu inayotoa sumukuvu hustawi katika punje zilizohifadhiwa na unyevu, na kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo pamoja na ganda, kwa hiyo dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe yake. Nchini Kenya watu 125 walikufa kwa sumukuvu mwaka 2004, na Machi 2021 nchi hiyo ilisimamisha kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo. Malori yalipanga foleni hapa Malaba, na wateja wangu wakapata muda mrefu usio wa kawaida wa kubishana juu ya ugali.

Kwa hiyo mimi hununua punje, sinunui unga. Huzianika juu ya turubai, si juu ya udongo, kisha hutia konzi moja katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, nikaitikisa na kuiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji na hurudi juani. Yakifaulu, hupeleka nusu yasagwe dona na nusu yakobolewe, na pumba huchukuliwa na mama jirani, ambaye kuku wake ndio walaji pekee mtaani wasionilalamikia.