Soma NFL kabla ya Jumatatu

Wewe uliyepata kazi Marekani, utafundishwa kila kitu isipokuwa soga za Jumatatu asubuhi kwenye mashine ya kahawa. Kuanzia Septemba hadi Februari mada ni NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, na ukikaa kimya utaambiwa unaringa.

Kanuni za kuanzia ni chache. Timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikishindwa, wapinzani wanauchukua. Kuufikisha mwisho wa uwanja ni pointi 6. Mguu hauugusi mpira ila kwa nadra, usiulize kwa nini, mimi nilishaacha. Mechi ni dakika 60 ambazo hula zaidi ya saa tatu, maana saa inasimamishwa kila mara.

Hatari iko kwenye kuchagua timu. Usifuate rangi za jezi! Namjua Mwanayanga aliyehamia Chicago, akaona kijani na njano ya Green Bay Packers, roho ikamtulia. Kusoma kwamba klabu inamilikiwa na mashabiki wenye hisa tangu 1923, akajiona yuko Jangwani kabisa. Kesho yake akatinga kazini na kofia ya kijani. Chicago wana Bears wao, na uhasama wa timu hizo ni wa tangu 1921. Bosi wake, mtu mpole asiyempita mfagizi bila kumsalimia, alimvuta pembeni akamuuliza kama kuna tatizo nyumbani. Shabikia timu ya mji unaolala, basi.

Siku hizi Super Bowl, fainali ya NFL, huchezwa Jumapili ya pili ya Februari. Ukialikwa kwa mtu, beba sambusa, tena nyingi. Mpira ukichezwa, wenyeji wanapiga porojo na kutafuna mabawa ya kuku. Matangazo yakianza, wananyamazishana. Mwaka 2025 tangazo la sekunde 30 lilifika hadi dola milioni 8, nao wanalitazama kwa heshima hiyo. Msalani nenda wakati wa mchezo.

Jumatatu taja tangazo lililokuchekesha. Wakikung'ang'aniza kuhusu mpira wenyewe, tikisa kichwa useme, "Kwotabeki hakulindwa." Kwotabeki ndiye mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, na kwa timu iliyofungwa, maneno hayo mara nyingi ni kweli. Februari 2025, Philadelphia Eagles walipowachapa Kansas City Chiefs 40–22, Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, aliangushwa mara sita. Kazini kwetu aliyelisema hilo ni dada mmoja wa Mombasa, na hadi leo wanamuuliza nani atashinda.