Kutoa mafuta ya habasoda kwa hewa ya ukaa: anzia kwenye kinu

Nilipoanza kutoa mafuta ya habasoda kwa kabonidioksidi, yaani hewa ya ukaa, nilipoteza majuma kadhaa nikipandisha kanieneo ya mtambo, kumbe kosa lilikuwa kwenye usagaji wa mbegu.

Hewa hii ikipashwa joto kupita nyuzi 31 za Selsiasi na kubanwa kupita baa 74, huwa si gesi wala kimiminika: hupenya kama gesi na kuyeyusha mafuta kama kimiminika. Ukishusha kanieneo hurudi kuwa gesi, mafuta yakabaki bila masalia ya heksani, kiyeyushi kinachotumika sana kutoa mafuta ya mbegu. Kwa habasoda naipenda zaidi kwa sababu nyuzi 40 hadi 50 zinatosha, hivyo viambato vyake vyepesi vya harufu, thaimokwinoni kikiwamo, havichomwi.

Mbegu nzima hutoa mafuta kidogo mno, kwa hiyo lazima isagwe. Mimi niliisaga ikawa laini kama unga wa ngano, nikiamini kwamba kadiri inavyolainika ndivyo itakavyotoa zaidi. Unga ule ulishikamana ndani ya mtungi, hewa ikajitafutia upenyo mmoja pembeni, na nilipofungua nilikuta mabonge ambayo bado yamejaa mafuta. Tangu siku hiyo nasaga kwa vipindi vifupi ili kinu kisipate moto, nachekecha, kisha natumia chembe za karibu nusu milimita. Mbegu ziwe zimekauka vizuri pia, kwani hewa inapotanuka kwenye valvu ya kutokea hupoa sana, na maji yaliyomo huganda na kuziba njia.

Kanieneo ya baa 300 ni mahali pazuri pa kuanzia. Usibadilishe joto na kanieneo kwa pamoja, maana katika kanieneo ndogo kuongeza joto hupunguza mafuta yanayoyeyuka, ilhali katika kanieneo kubwa huyaongeza, nawe hutajua kipi kimeleta nini. Pima uzito wa mafuta kila nusu saa. Yanapoanza kutoka kwa kusuasua, yaliyobaki yamo ndani ya seli za mbegu ambazo kinu hakikuzipasua.

Chumba kipitishe hewa na kiwe na king'ora cha kabonidioksidi karibu na sakafu, kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida na huua bila kunuka. Mafuta yaliyotoka yana gesi ndani yake: yaache yatulie hadi povu liishe, ndipo uyafunge kwenye chupa nyeusi.